Je, wajua kwanini damu ikigusa plastiki inaanzisha vita?

Ukimsindikiza mgonjwa wa figo kwenye kusafisha damu wiki baada ya wiki unazoea vitu vingi, unazoea milio ya mashine, unazoea kumwona mtu wako amekaa masaa manne na damu yake inazunguka nje ya mwili kwenye mipira, lakini mi kuna kitu kimoja sikukizoea haraka. Mama mdogo akimaliza, nesi anairudisha damu yake kwa maji ya drip halafu anachomoa chujio, lile bomba la plastiki linaloonyesha ndani, limejaa maelfu ya vijimrija vyembamba kama unywele. Siku nzuri vijimrija vinatoka karibu vyeupe. Siku nyingine inabaki michirizi ya damu nyeusi nyeusi iliyoganda mle ndani. Nikamuuliza, sista, hivi damu inagandaje mle wakati hakuna kidonda? Akanijibu, "Kaka, damu inajua iko ugenini."

Jibu lile lilinikaa kichwani nikaanza kusoma, na kumbe mambo ni ya ajabu zaidi ya hapo. Damu haijui kabisa kwamba plastiki ni adui. Haina namna ya kujua, mwili wa binadamu haujawahi kukutana na plastiki mpaka juzi tu hapa. Inachofanya ni kushambulia kila kitu, muda wote, halafu vitu vya mwilini mwako mwenyewe ndo vinasamehewa.

Iko hivi. Kwenye yale maji ya damu ya rangi ya manjano kuna jeshi la protini zaidi ya 30 linaloitwa komplimenti. Halisubiri chanjo wala halihitaji kufundishwa, unazaliwa nalo. Mbelgiji mmoja, Jules Bordet, aliligundua akiwa Paris miaka ya 1890, aliona ukipasha moto maji ya damu mpaka nyuzi kama 55 yanapoteza nguvu ya kuua bakteria hata kama kingamwili bado zimo, na kazi yake hiyo ya kinga ilimpa Nobel ya mwaka 1919. Protini kubwa kwenye jeshi hilo inaitwa C3, unayo kama gramu moja hivi kwenye kila lita ya maji hayo. Sasa C3 ina tabia moja, usiku na mchana inajifungua yenyewe kidogo kidogo bila kuamrishwa na mtu, na ikijifungua inatoa kama ndoano, ndoano hiyo inashika chochote kilicho karibu, isipopata kitu inazimika papo hapo. Ikishika inaita wenzake, nao wanaita wenzao, na kila hatua inamwaga vipande vidogo, C3a na C5a, ambavyo ni kama kengele ya kuziita chembe nyeupe. Ikitua kwenye bakteria wengine inaishia kuwatoboa matundu.

Sa mbona hatujitoboi wenyewe? Sababu kila seli yako ina walinzi mlangoni. Wako waliosimama juu ya ngozi ya seli, CD55 na CD59, na yuko mmoja anayezunguka kwenye damu anaitwa faktori H, huyu anatua kwenye kuta za mishipa yako na kusaidia C3 ikatwe kabla haijaita wenzake. Bakteria wengi hawana walinzi hao. Plastiki haina. Chuma hakina. Kwa hiyo damu haimtambui adui, inamtambua mwenyeji, na asiye na kitambulisho anapigwa.

Ukitaka ushahidi kwamba hivyo ndivyo ilivyo, kuna ugonjwa adimu unaitwa PNH. Mgonjwa chembe zake nyekundu zinatengenezwa bila CD55 na CD59, basi jeshi lake mwenyewe linazitoboa, na asubuhi anaweza kuamka anakojoa mkojo mweusi kama soda ya kola. Hana mdudu yeyote, walinzi tu ndo hawapo. Mwaka 2007 Marekani waliidhinisha dawa ya ekulizumabu, inazuia C5, protini nyingine ya jeshi hilo, na inasaidia kweli kweli ila ni kati ya dawa ghali sana duniani, na anayeitumia lazima achanjwe homa ya uti wa mgongo sababu bakteria wa ugonjwa huo wanazuiwa sana na lile jeshi ulilolifunga mikono.

Turudi kwenye mashine. Figo bandia ya kwanza iliyookoa mtu aliitengeneza daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, mjini Kampen katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, akitumia sellofani ile ya kuvikia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, mpaka mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 akapona. Sellofani ni selulosi, kitu kinachotoka kwenye mimea, na selulosi imejaa sehemu ambazo ndoano ya C3 inazipenda mno. Kwa miaka mingi machujio yalikuwa ya jamii hiyo, na mwaka 1968 ikaripotiwa kwamba ndani ya dakika chache za mwanzo chembe nyeupe za mgonjwa zinapotea kwenye damu, zinashuka vibaya, halafu baada ya saa moja hivi zinarudi. Zilienda wapi? Mwaka 1977 ikaonyeshwa kwamba komplimenti ilikuwa imeziamsha na zikakwama kwenye mishipa midogo ya mapafu. Hebu fikiria mtu ameshaumwa figo halafu anabanwa na kifua kwa sababu ya chujio linalomtibu. Siku hizi machujio mengi ni ya plastiki kama polisalfoni, hasira imepungua sana ila haijaisha, na eneo linaloguswa na damu mle ndani ni karibu mita mbili za mraba, yaani damu inatandikwa kwenye kitu cha ukubwa wa mkeka, mara mbili mpaka tatu kwa wiki.

Kuganda nako kuna mlango wake. Mwaka 1955 iliripotiwa habari ya mfanyakazi wa reli wa Marekani, John Hageman, damu yake ilikuwa haigandi vizuri kwenye kichupa cha kioo lakini yeye mwenyewe akijikata havuji damu ovyo. Alikosa protini moja tu, faktori 12, ambayo kazi yake inaamka damu ikigusa kitu kigeni. Maabara wanaitumia tabia hiyo hiyo, kile kichupa cha kifuniko chekundu unachotolewa damu kikiwa cha plastiki mara nyingi kinapakwa unga wa silika ndani ili damu igande haraka, na cha zambarau kina dawa inayoteka kalsiamu isigande. Kwenye mashine nesi anaweka heparini, ila heparini kazi yake kubwa ni kuzuia kuganda, jeshi la komplimenti linabaki na mambo yake. Na mtu aliyewekewa valvu ya chuma kwenye moyo, wengi kwetu huku ni sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote kwa shida hii hii ya damu na kitu kisicho na kitambulisho.

Kinachonipa moyo ni kwamba wapo wanasayansi wanaojaribu kupaka plastiki vitu vinavyomvuta faktori H akae juu yake, yaani wanaipa plastiki kitambulisho cha mwenyeji. Ujanja huo kimelea cha malaria kinaujua zamani, kikitoka kwenye chembe nyekundu kinajivika faktori H wa kwako ili kisiguswe.

Kama una mtu wako kwenye mashine, nusu saa ya mwanzo kaa naye, akisema kifua kinabana, mgongo unauma au mwili unawasha ghafla, mwite nesi hapo hapo, usimwambie avumilie. Mama mdogo siku hizi hata sihitaji kumkumbusha, akimaliza anaomba mwenyewe aonyeshwe chujio, analigeuza kwenye mwanga, anahesabu michirizi.