Gaidi akishikwa Kisumu anapelekwa kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), si kambini

Kwenye mabaraza ya machifu, kuanzia Nyalenda na Kondele hadi Bondeni kule Nakuru, swali hili halikosi: mbona serikali isiwaachie KDF, yaani jeshi letu, hawa magaidi, kazi iishe? Huja na nyongeza mbili. Ya kwanza, kwamba polisi wakishika, mahakama inaachilia. Ya pili, kwamba gaidi hana haki. Hiyo ya pili haina msingi wowote katika Katiba tuliyoipitisha wenyewe mwaka 2010, na hatutairudia hapa. Ya kwanza ina chembe ya ukweli, ila lawama hupelekwa pasipo pake.

Ndani ya mipaka ya Kenya ugaidi ni kosa la jinai, sawa na wizi wa mabavu. Una sheria yake, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, na adhabu zake. Anayetenda kitendo cha kigaidi hufungwa hadi miaka 30. Mtu akifa kutokana na kitendo hicho, mhusika anakabiliwa na kifungo cha maisha. Kuandikisha wafuasi ni hadi miaka 30, na kumtia mtu itikadi kali kadhalika. Kuchangia pesa za kazi hiyo ni hadi miaka 20, na sheria haiulizi kama ulituma laki moja au mia tano kwa M-Pesa. Sheria hiyo hiyo inasema jambo ambalo wengi hulisahau, wenye sare wakiwemo: kuvuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo si ugaidi, mradi hakukuwa na nia ya kumdhuru mtu, kuhatarisha maisha au usalama wa umma, wala kuharibu mali kwa kiwango kikubwa.

Jeshi nalo lina mlango wake, na ni mwembamba. Kazi yake ya kwanza ni kulinda nchi na mipaka yake, ndiyo maana Oktoba 2011 lilivuka kuingia Somalia. Kule ni vita. Humu ndani, Ibara ya 241 ya Katiba inatoa njia mbili tu. Kukiwa na dharura au janga, jeshi linaweza kuzisaidia mamlaka nyingine kisha likaripoti kwa Bunge la Taifa. Likitakiwa kurejesha amani penye machafuko, idhini ya Bunge la Taifa hutangulia. Waliofuatilia jeshi lilivyoitwa wakati wa maandamano ya Juni 2024 wanakumbuka kwamba notisi ya gazeti rasmi, kikao cha Bunge na agizo la Mahakama Kuu vilifuatana ndani ya siku tatu.

Sasa turudi kwa mshukiwa anayeachiliwa. Tuchukue simu moja. Polisi wanaingia chumbani, simu iko juu ya godoro. Afisa anayeijua kazi yake haifungui kuchungulia picha. Anaikata mtandao, anaandika aina yake, rangi na IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu, kwenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa, anatia sahihi na mwenye chumba anatia yake. Inaingia kwenye mfuko unaofungwa, kisha kwenye rejista ya vielelezo kituoni. Kila mkono inaopitia hadi maabara ya DCI, idara ya upelelezi, unaacha sahihi na tarehe. Anayetoa jumbe zilizomo lazima aandike cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti kikikosekana, wakili wa utetezi anasimama, na jumbe zote zinaweza kutupwa nje hata kama kila aliyemo mahakamani amekwisha kuzisoma.

Mwanajeshi hakufunzwa hayo. Amefunzwa kuteka jengo na kumaliza upinzani uliomo, na anaifanya vizuri. Lakini simu ile akiitia mfukoni, akamkabidhi mkubwa wake, mkubwa akaituma Nairobi kwa dereva, baada ya miezi minane nani atasimama mbele ya hakimu kueleza ilipokuwa siku ya tatu? Hapo ndipo kesi hufia. Hakimu hamwachilii gaidi. Anakataa faili lenye tundu.

Na wananchi nao hutoboa matundu. Katika gwaride la utambuzi, mshukiwa mmoja huwekwa kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, shahidi aje amguse. Picha yake ikiwa imezunguka vikundi vya WhatsApp tangu jana jioni, shahidi anatambua picha, hatambui mtu. Tumelisema hili barazani mpaka tumechoka.

Kuna wanaodhani saa 24 ni chache mno kwa kesi nzito hivi. Saa 24 ni za kumfikisha mahakamani, wala si za kumaliza uchunguzi. Zikiishia nje ya saa za kazi, anafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Polisi wakihitaji muda, wanawasilisha ombi la maandishi na hati ya kiapo inayoeleza kilichobaki kuchunguzwa na kwa nini mshukiwa asiachiliwe kwa dhamana. Mahakama inaweza kutoa hadi siku 30. Wakirudi, lazima waonyeshe walichofanya katika siku hizo, na jumla haizidi 90. Miezi mitatu ni mingi. Kiapo kinachorudia sentensi zile zile za mwezi uliopita ndicho hukataliwa, na kwa haki.

Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na washambuliaji wanne wakafia humo humo. Bunduki iliwafikia wale. Waliokuwa wakiwasiliana nao kwa simu haikuwafikia. Hao walifikiwa na rekodi za simu, na mwaka 2020 wawili wakafungwa, mmoja miaka 33 na mwingine 18. Kesi ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa vilevile: 2019, mmoja maisha, wawili miaka 41 kila mmoja.

Marekani ilijaribu njia zote mbili, ya kiraia na ya kijeshi, kwa wakati mmoja. Ahmed Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa mahakama ya kiraia New York kwa mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ya 1998. Jaji alimkataa shahidi mkuu kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa mahojiano ya mateso. Ghailani akatiwa hatiani kwa shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280, na hilo moja likampa kifungo cha maisha mwaka 2011. Khalid Sheikh Mohammed, anayeshtakiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alikamatwa 2003, akawekwa chini ya mahakama ya kijeshi katika kambi ya Marekani ya Guantánamo; zaidi ya miaka 20 ikapita kesi yake haijaanza kusikilizwa.

Huku magharibi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Machi 2008 jeshi liliingia Mlima Elgon kuwasaka wapiganaji wa kundi la SLDF. Mauaji ya kundi lile yalikoma, na wakazi wengi walishukuru. Lakini wanaume wa vijiji vizima walipelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, malalamiko ya mateso yakafika hadi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na waliobaki na mashtaka bado ilibidi wapelekwe mbele ya mahakimu wa Bungoma, na polisi, kwa mafaili.

Ukiona jambo la kutilia shaka, piga 999 au 112, taja mahali, saa na ulichokiona kwa macho, si unachokidhania. Ndugu yako akichukuliwa, uliza kituo na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ukiambiwa yuko na ATPU, kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi, Nairobi, fuatilia Mahakama ya Kahawa, maana kesi nyingi za aina hii huenda huko. Muda wa kisheria ukipita hajaonekana, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe. Haki hiyo haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote, kwa mujibu wa Ibara ya 25. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekeni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye ofisi Kisumu na Nakuru. Dhidi ya mwanajeshi, IPOA haina mamlaka. Nendeni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na mwende na tarehe, saa na nambari ya gari vikiwa vimeandikwa.