Pigo Linalofuata Litue Wapi: Bendi Kongwe za Metali ya Duumu Zinavyotunga Pamoja

Watu wengi hudhani muziki wa polepole ni rahisi kupiga. Kazi yangu ni kurekodi bendi za metali nzito, na ninavyoona mimi, hakuna bendi inayoumbuka haraka studio kama ile inayojaribu metali ya duumu, yaani metali nzito ya polepole na yenye huzuni, kabla wanachama wake hawajazoeana. Vidole vinajua kazi, vyombo viko sawa, na rifu, yaani ile sauti fupi ya gitaa inayorudiwarudiwa na kuubeba wimbo, ni nzuri. Kinachokosekana ni makubaliano juu ya mahali pigo linalofuata litakapotua, na katika duumu makubaliano hayo ni nusu ya utunzi.

Tuangalie hesabu yake. Nyimbo nyingi za duumu hutembea kati ya mapigo 40 na 70 kwa dakika. Kwenye mapigo 50, kutoka pigo moja hadi jingine ni sekunde 1.2. Rifu ikiwa na mapigo 16 huchukua zaidi ya sekunde 19 kumalizika mara moja. Irudie mara nane, dakika mbili na nusu zimeshapita na bado hakuna aliyefungua kinywa kuimba. Binadamu hulikisia vizuri pigo lijalo mapengo yanapokuwa mafupi. Pengo likikaribia sekunde mbili, uwezo huo hudhoofika, na mpigaji huanza kufuata alichokisikia badala ya kukitangulia. Wanne wakifuatana hivyo, kila mmoja akichelewa kidogo, wimbo unazidi kuzama na hakuna aliyeamua uzame.

Dawa ya bendi kongwe ni kuligawa lile pengo. Mpiga ngoma hulijaza kwa mapigo madogo ya toazi, au huyahesabu mwilini bila kuyatoa. Wenzake hutazama mkono wake unavyopanda, kwa sababu muda unaochukua mkono huo kupanda na kushuka huwapa wote kipimo kimoja. Wapiga besi wazuri niliofanya nao kazi walitazama bega la mpiga ngoma, wala si nyuzi zao. Kwa hiyo bendi inayotungia chumba kimoja hutunga kwa macho pia, na ukiwatenganisha kwa kuta za studio wimbo hubadilika. Mimi huwaacha ngoma, besi na gitaa wapige pamoja chumba kimoja, kisha nayapeleka maspika ya gitaa chumba kingine ili sauti zisiingiliane.

Swali la nani analeta rifu hupewa uzito kuliko linavyostahili. Katika Black Sabbath ya Birmingham, rifu zilitoka kwa mpiga gitaa Tony Iommi na maneno mengi yaliandikwa na mpiga besi Geezer Butler, ila nyimbo za albamu zao za mwanzo ziliandikwa majina ya wote wanne, nami naona ni haki. Candlemass ya Uswidi imesimama tangu mwanzo juu ya nyimbo za mpiga besi wake, Leif Edling. Paradise Lost ya Halifax, Uingereza, imekuwa na Nick Holmes, Gregor Mackintosh, Aaron Aedy na Steve Edmondson tangu 1988. Mackintosh na Holmes ndio watunzi wakuu, na kilichobadilika mara kadhaa ni kiti cha mpiga ngoma. Mtu mmoja anaweza kuleta mbegu nyumbani kwake, hata kwa kompyuta. Lakini rifu hiyo irudiwe mara ngapi, iachwe ipumue kiasi gani, na igeuke lini, hayo huamuliwa na kundi zima likiwa limesimama mbele ya vyombo.

Hapo ndipo sauti yenyewe inapoingia katika utunzi. Iommi alikatika ncha za vidole viwili akiwa kijana, kiwandani. Alitumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971, baadhi ya nyimbo zilishushwa nusu-sauti tatu, nusu-sauti ikiwa hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za gitaa. Waliokuja nyuma yake walishuka zaidi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa mtetemo wa hezi 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Bendi iliyoshuka hadi noti ya A inapiga hezi 55, na besi, oktava moja chini yake (yaani nusu ya mitetemo hiyo), hezi 27.5, karibu kabisa na kikomo cha chini cha sikio.

Sasa pitisha sauti mbili pamoja katika amplifaya iliyowashwa hadi inakwaruza. Amplifaya haitoi sauti mbili tu. Huzaa pia jumla yake na tofauti yake. Piga A ya hezi 55 na noti ya tano ukihesabu kupanda kutoka kwake, hezi 82.5. Tofauti ni 27.5, nayo ni A ileile, oktava moja chini. Gitaa limetoa sauti nzito ambayo hakuna kidole kilichoigusa, na imepatana na nyinginezo. Jaribu badala yake sauti ya tatu ndogo, ile noti ya tatu inayoipa akodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) huzuni yake, hezi 55 na 66. Tofauti ni hezi 11: sikio haliipokei kama sauti, linaipokea kama msukosuko, tope ndani ya akodi. Kwa sababu hiyo gitaa moja lenye mkwaruzo mkubwa haliwezi kubeba huzuni yote ya duumu peke yake. Ile sauti ya tatu ndogo lazima apewe mtu mwingine, kwenye amplifaya yake, ili zikutane hewani bila kukwaruzana ndani ya mashine moja.

Sikiliza Paradise Lost kwa masikio hayo. Aedy anashikilia akodi nzito, Mackintosh anaimba juu yake kwa gitaa la pili. My Dying Bride, waliotoka eneo hilohilo, waliipa fidla ya Martin Powell sehemu ya kazi hiyo kwenye albamu ya Turn Loose the Swans ya 1993. Skepticism ya Ufini haina mpiga besi kabisa. Ogani ndiyo inayoshika sauti za chini, na gitaa linatungwa kuizunguka. Ukishajua hivyo, swali la "tuongeze chombo gani?" halihusu tena mapambo. Nguvu ya akodi inategemea nani kapewa sauti ipi.

Kuhusu urefu, bendi nyingi hazihesabu. Zinarudia rifu hadi mmoja wao abadilishe kitu kidogo: besi ihamie sauti nyingine chini ya akodi ileile, au pigo la toazi lihame kutoka ukingoni mwake kwenda katikati. Wenzake wakiitikia, imekuwa sehemu ya wimbo. Wasipoitikia, inasahaulika mazoezini. Bendi ya Sleep ilipoirekodi Dopesmoker mwaka 1996, wimbo mmoja wa zaidi ya saa moja, utepe wa studio wa inchi mbili ulichukua takriban dakika 16 au 33 kulingana na kasi yake. Hakukuwa na namna ya kuupiga wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo wanachama wake watatu walilazimika kusimama na kuanza tena wakiwa na uzito uleule. Skepticism, kwa upande wao, waliirekodi albamu ya Ordeal ya 2015 mbele ya hadhira, ikiwa na nyimbo mpya kwa sehemu kubwa. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya kazi za ujasiri kabisa katika muziki huu, na haiwezekani kwa watu waliokutana juzi.

Mtu akiondoka, utunzi wote unayumba. Bell Witch ya Seattle ni besi, ngoma na sauti za watu wawili tu. Adrian Guerra, mpiga ngoma wao wa awali, alifariki mwaka 2016, na Mirror Reaper ya 2017, wimbo mmoja wa dakika 83, ina sehemu ambayo sauti yake iliyokuwa imerekodiwa zamani iliwekwa ndani. Walimwachia nafasi, nao wimbo ukajengwa kuizunguka.

Mwimbaji huja mwisho, na kazi yake haisemwi vya kutosha. Kwenye mapigo 50, mstari wa mapigo manne huchukua sekunde 4.8, hivyo mistari miwili kwa pumzi moja ni karibu sekunde kumi. Maneno yaliyoandikwa mezani karibu kila mara huwa mengi mno. Ninapoombwa ushauri humwambia mwimbaji aje na maneno yake kwenye mazoezi mapema, ayapunguze bendi ikiwa inapiga, na aanze baada ya pigo la kwanza kutua badala ya juu yake. Akiingia juu ya pigo, ngoma na sauti hufunikana; akichelewa kidogo, vyote viwili vinasikika.