Jino likinyamaza halijapona: maswali na majibu kuhusu meno

Je, ni kweli kwamba jino lililotoboka limeliwa na mdudu?

Hakuna mdudu anayetambaa ndani ya jino. Waliopo ni bakteria, wasioonekana kwa macho, ambao huishi katika utando laini unaoganda juu ya meno, hutumia sukari tunayokula na kutoa tindikali inayomomonyoa tabaka gumu la nje. Kila tunapoonja kitu kitamu tindikali hiyo huzuka upya, na mate huhitaji muda kuituliza. Ndiyo maana mtu anayekula kipande cha halua mara moja baada ya chakula huyadhuru meno yake kidogo kuliko mtoto anayemung'unya ubuyu wa sukari tangu skuli hadi magharibi, hata kama sukari waliyokula ni kiasi kimoja.

Karafuu inatibu jino?

Inatuliza, lakini haitibu. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hupunguza maumivu kwa muda, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki ili kupata dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo mzee wa Pemba anayebana punje ya karafuu kwenye gego usiku wa manane ana sababu yake, ila tundu litabaki palepale na uozo utaendelea kuchimba. Mafuta yenyewe yasiyochanganywa na kitu huweza kuunguza fizi, na mtoto mdogo asipewe.

Jino langu liliuma wiki nzima, kisha likaacha lenyewe. Limepona?

Kwa bahati mbaya, mara nyingi jibu ni kinyume chake. Uozo unapofika tabaka la pili, jino hushtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, na maumivu huondoka papo hapo. Katika hatua hii kuziba kunatosha. Maumivu yakianza kudumu baada ya kunywa chai ya moto, au yakikuamsha usiku yakipwita hadi sikioni, kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimevimba. Kiini hicho hatimaye hufa, na kilichokufa hakiumi. Hapo ndipo mgonjwa hushukuru na kuahirisha safari ya hospitali, ilhali bakteria wanashuka kimyakimya hadi kwenye ncha ya mzizi na kufanya jipu. Baadaye jino huuma likitafunia, au hutokea kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha wenye ladha ya chumvi.

Je, nizibe, nitibu mzizi au ning'oe?

Tundu ambalo halijafika kwenye kiini huzibwa. Likiwa limefika, daktari anaweza kutoa kiini kilichoharibika, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, kisha jino likaendelea kutumika, hasa likifunikwa kwa kofia. Kazi hiyo huhitaji eksirei, muda na gharama kubwa zaidi, na haipatikani katika kila kituo, kwa hiyo uliza mapema. Kung'oa ni tiba halali kwa jino lililobaki kipande, lakini naona ni hasara pale linapong'olewa gego ambalo miezi michache nyuma lingezibwa kwa kikao kimoja.

Kung'oa jino la juu hudhuru macho?

Hapana. Mshipa wa fahamu wa kuonea hauhusiani na mizizi ya meno.

Nikinunua antibiotiki dukani, si inatosha?

Haitoshi, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Chanzo lazima kiondolewe. Hata hivyo, uvimbe ukishuka chini ya taya, au ukipata homa, mdomo ukakataa kufunguka au mate yakawa magumu kumeza, nenda hospitali usiku huohuo, kwani uvimbe wa namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa.

Fizi zangu hutoka damu. Niache kupiga mswaki?

Usiache. Kwa kawaida damu hiyo husababishwa na utando uliokaa ukingoni mwa fizi, na ukigeuka ugaga mgumu hautoki kwa mswaki wowote, wa dukani wala wa mti. Huondolewa na mtaalamu. Sugua taratibu mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wanaotafuna tambuu wajue kwamba popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa, hivyo kidonda au doa jeupe lisilopona ndani ya wiki mbili lichunguzwe.

Meno ya utoto yatang'oka tu; kwa nini yatibiwe?

Kwa sababu jipu lake huweza kudhuru jino la ukubwani linaloota chini yake. Zaidi ya hayo, karibu na umri wa miaka 6 huota gego la kudumu nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Mfungueni mtoto mdomo penye mwanga, hesabuni kutoka katikati: jino la sita kila upande ndilo hilo.