Ovakloki na andavolti kwenye RAM ya volti ndogo: maana yake

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na ya volti ndogo ni ile inayotumia umeme kidogo kuliko wenzake wa kizazi kilekile. Kwenye kizazi cha DDR3, ya kawaida hutumia volti 1.5, ile ya volti ndogo, DDR3L, hutosheka na 1.35. Soma kibandiko: PC3-12800 ni ya 1.5, PC3L-12800 ni ya 1.35. Kasi ya zote mbili ni 1600, yaani hupitisha data mara milioni 1600 kwa sekunde. Tofauti ni ile herufi L tu.

Ovakloki ni kuikimbiza RAM kupita kasi iliyopangiwa. Andavolti ni kuishusha volti huku kasi ikibaki palepale. Mambo haya mawili huvutana. Kila biti ndani ya chipu ni chaji ndogo iliyohifadhiwa kwenye kapasita (kihifadhi cha chaji), na transista (swichi ndogo za umeme) zinahitaji muda kuifikia na kuisoma. Ukishusha volti, transista huwa nzito kufanya kazi, yaani za polepole. Ukipandisha kasi, muda wa kusoma hupungua. Ukifanya yote kwa mpigo, umeibana RAM pande zote mbili, na ikigoma hutajua kosa ni la lipi.

Usidanganywe na kasi peke yake. CL ni idadi ya mizunguko ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, upate nanosekunde. 1600 yenye CL11 husubiri 13.75. 1866 yenye CL13 husubiri 13.93: data inapita kwa wingi zaidi, lakini kusubiri hakujapungua hata chembe. Ukiweza kubaki na CL11 kwenye 1866, unashuka hadi 11.79, na hapo kazi yako imelipa.

Ingia BIOS (programu ya mipangilio inayoanza kabla ya kompyuta kuwaka kikamilifu), andika pembeni thamani zote za mwanzo, kisha gusa kitu kimoja kwa wakati. Kwa ovakloki, panda ngazi moja, kutoka 1600 hadi 1866. Isipotulia, legeza CL kwanza (ongeza namba yake) kabla ya kuongeza volti. Chipu za DDR3L zenyewe huvumilia 1.5, ila kidhibiti cha kumbukumbu, sehemu inayoiendesha RAM, kimo ndani ya prosesa: prosesa za Intel za Skylake, za mwaka 2015, zilipangiwa DDR3L ya 1.35, kwa hiyo hapo usiongeze. Baadhi ya ubao mama hazina mipangilio hii kabisa.

Kwa andavolti, shuka kwa 0.01 au 0.02, usipite chini ya 1.283 ambayo ndiyo sakafu ya kiwango cha DDR3L. Kutoka 1.35 hadi 1.30 matumizi ya umeme hupungua kama asilimia 7, na kijiti kimoja hutumia wati chache tu. Kwenye kasha kubwa lenye feni sioni faida. Kwenye kasha dogo lisilo na feni, inafaa.

Kinachotisha ni makosa ya kimyakimya. Kompyuta inawaka vizuri, halafu faili la zip linakataa kufunguka kwa sababu biti moja iligeuka lilipokuwa likinakiliwa. Washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, iache ipite mizunguko minne kompyuta ikiwa imepata moto, maana joto huvujisha chaji haraka. Kosa moja tu linatosha kurudi ngazi moja nyuma.

Skrini ikibaki nyeusi, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032, ile ya duara kwenye ubao mama, kwa dakika chache, irudishe. BIOS itarudi kwenye thamani za kiwandani.