Dawa za nano dhidi ya utitiri wa minazi na mitende: chembe ni ndogo, tone ni lile lile

Neno "nano" kwenye chupa huwafanya wengi waamini kwamba dawa itamfuata mdudu yenyewe hadi mafichoni. Haimfuati. Chembe ya dawa inaweza kuwa na kipenyo cha nanomita 100, lakini tone linalotoka kwenye nozeli bado lina mikromita 200 hivi, yaani mara 2,000 ya chembe hiyo. Tone likikosa shabaha, chembe zake zote zimekosa nalo.

Ndiyo maana mimi huanza na maficho, chupa baadaye. Utitiri wa nazi, Aceria guerreronis, hukaa chini ya magamba ya kikonyo cha kidaka. Doa jeupe la pembetatu linalochungulia hapo ndilo dalili. Lenga vidaka, kwani nazi iliyokwisha kupasukapasuka ganda hairudi hali yake. Raoiella indica, utitiri mwekundu wa minazi na mitende, yupo upande wa chini wa makuti. Oligonychus afrasiaticus, utitiri wa vumbi wa mitende, hufuma utando juu ya tende changa, vumbi likanasa, na utando huo hukinga dawa. Uoshe kwanza kwa maji ya presha.

Faida ya nano ipo, ila ni nyingine. Abamektini, dawa ya kuua utitiri, huharibiwa haraka na jua; ikifungwa ndani ya vifuko vidogo mno vya polima (mada kama plastiki) hudumu zaidi na kutoka kidogo kidogo. Mafuta ya mwarobaini yaliyovunjwa hadi matone chini ya nanomita 200 hutandaa vizuri juu ya nta ya kidaka, na kwa utitiri wa nazi kutandaa huko ndiko ninakokuthamini, maana kimiminika hunyonywa kwenye ufa chini ya magamba.

Kabla ya kujaza tanki, changanya kidogo kwenye chupa angavu, uiache dakika 30. Emalshani ya nano (matone madogo mno ya mafuta ndani ya maji) iliyo sawa huwa angavu au ya samawati hafifu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, matone yameungana. Chanzo mara nyingi ni maji yenye chokaa nyingi au mbolea ya majani iliyotiwa humo. Badilisha maji, hakikisha pH ni kati ya 5.5 na 7. Wanaojitengenezea wenyewe hutumia hata sehemu 3 za Tween 80, kiungo kama sabuni kinachochanganya mafuta na maji, kwa sehemu 1 ya mafuta, na kiasi hicho huweza kuunguza majani. Jaribu kuti moja, usubiri siku kadhaa.

Mayai mengi hunusurika, hivyo rudia baada ya siku 7 hadi 10 ikiwa lebo inaruhusu. Awamu zinazofuata tumia dawa ya kundi jingine: abamektini ya nano na ya kawaida zote ni kundi la 6 la IRAC (kamati inayopanga dawa kwa namna zinavyoua, ili kuzuia usugu), na usugu hauangalii ukubwa wa chembe. Tena, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwa abamektini ya kawaida usizihamishie kwenye ya vifuko. Kinachotoka polepole hubaki muda mrefu kwenye tende pia, na huwadhuru kwa muda mrefu utitiri walao wenzao, ambao ungependa wabaki.