Si kila bei ya kutupa ni bei ya kuua mshindani

Kampuni kubwa ya programu ikishusha bei tu, watu wanapaza sauti: hiyo ni bei ya kuua washindani! Ushahidi wao ni uleule, kwamba Microsoft ilitiwa hatiani Marekani kwa kugawa bure Internet Explorer, kivinjari chake cha kufungulia tovuti. Haikuwa hivyo.

Bei ya kuua mshindani ni ile unayouza kwa hasara makusudi hadi mwenzako afunge biashara, kisha unapandisha na kurudisha ulichopoteza. Hasara peke yake haitoshi. Lazima pawepo na matumaini ya kweli ya kuirudisha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia hivyo mwaka 1993, katika kesi ya makampuni ya sigara. Kwenye programu kuna ugumu zaidi, maana ikishaandikwa, kutoa nakala nyingine hakugharimu karibu kitu. Hapo hasara utaipimaje?

Sasa hiyo kesi ya Microsoft. Kampuni ya Netscape walikuwa wakiuza kivinjari chao, Microsoft wakatoa cha kwao bure, na Januari 1998 Netscape wakasalimu amri, nao wakaacha kutoza. Wengi huishia hapo. Lakini mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilisema wazi kwamba kutoa Internet Explorer bure hakukuwa kosa. Kilichowaponza hasa ni mikataba. Watengenezaji wa kompyuta walikatazwa kuondoa alama ya Internet Explorer kwenye Windows. AOL, kampuni ya kuunganisha watu na intaneti, nao walipewa nafasi kwenye skrini ya Windows, kwa sharti kwamba wasiwape kivinjari kingine zaidi ya asilimia 15 ya wateja wao, na hao ni wale watakaokiomba wenyewe. Sharti la namna hiyo lingebana hata kama kivinjari kingeuzwa ghali.

Mfano mwingine unaochanganywa ni wa jiji la Munich, Ujerumani, mwaka 2003, lilipofikiria kuacha Windows kwenye kompyuta zake. Steve Ballmer, bosi wa Microsoft wakati huo, alikatisha likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akamwone meya, na kampuni ikapunguza bei kwa mamilioni ya dola. Jiji likachagua Linux hata hivyo, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hautozwi na haumilikiwi na kampuni moja. Na Linux utaifilisi vipi, wakati haina mwenye duka mmoja wa kukaukiwa mtaji? Ile ilikuwa bei ya kumbembeleza mteja asihame. Mwenye kutaka kuilalamikia ailalamikie, ila kwa jina lake.