Kusoma dokezo moja mara tatu: je, hiyo ni ADHD?

Siku hizi mtu akisahau kikao cha saa nne, wenzake wanamwambia, "Wewe una ADHD." Hilo ni jina la kifupi, kwa Kiingereza, la hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuongoza umakini wake au kutulia. Neno limeingia ofisini kupitia video fupi za kwenye simu, na sasa limezoeleka. Nafanya kazi Mtumba, hapa Dodoma, kutwa nzima na mafaili, na nimewaona watu wazima wakijipachika jina hilo huku wana hofu ya kweli. Wengi wao wanaumwa kitu kingine, na wachache wenye ADHD hasa wanaitwa wavivu.

Dhana: Ukishindwa kutulia kazini, una ADHD.

Swali la kwanza ni hili: ilianza lini? Mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-5, uliotolewa Marekani mwaka 2013 na unaotumiwa na madaktari wa nchi nyingi, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla mtu hajatimiza miaka 12. Tena zionekane zaidi ya mahali pamoja, tuseme nyumbani na kazini, zidumu miezi 6 au zaidi, na ziwe zinamkwamisha mtu kweli katika maisha. Aliyefikisha miaka 17 anapaswa kuwa na dalili zisizopungua 5, ama za kukosa umakini ama za kukosa utulivu.

Kijana mmoja wa masjala alipeleka faili kwa mkurugenzi asiyehusika mara mbili ndani ya wiki. Dokezo la nusu ukurasa alilisoma mara tatu, na bado alipoulizwa linasema nini akabaki ananitazama. "Dada, akili yangu imeharibika," akaniambia. Nikamuuliza habari za usingizi. Mtoto wao ana miezi minne na analia usiku. Yeye analala saa sita, saa kumi yuko macho, kwa sababu anatoka Nkuhungu, anabadilisha daladala mjini, na saa moja na nusu anatakiwa awe kazini. Shuleni alikuwa wa kwanza kukusanya daftari. Kijana huyu ana usingizi wa saa nne, miezi minne mfululizo.

Kwa wengine tatizo ni upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, wasiwasi uliopitiliza, pombe, au kukoroma kunakokata pumzi usiku. Kila kimoja kina tiba yake, na viwili vya mwanzo hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Anayejiambia ana ADHD akaishia hapo anaweza kuishi miaka na damu pungufu inayotibika.

Dhana: Mbona mechi anaitazama dakika 90 bila kupepesa?

Mwenye ADHD umakini anao. Kinachomshinda ni kuuelekeza pale anapotaka yeye. Jambo linalomsisimua linamnasa mpaka anasahau kula, ilhali jedwali la bajeti linamponyoka kila baada ya mstari mmoja. Kumwambia "jitahidi" ni kumwonea.

Dhana: Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo.

Hakuna. Dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani lina maswali 6, nalo huonyesha tu kama kuna haja ya kumwona daktari. Na tafadhali, usimeze vidonge vya ADHD vya rafiki ili ujipime. Dawa hizi zinaweza kupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio, na hata asiye na ADHD anaweza kujihisi makini zaidi akizimeza.

Dhana: Mirembe ni ya vichaa.

Hili linaniuma, maana hapa kwetu jina la hospitali limegeuzwa tusi: "Utaishia Mirembe wewe." Ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Watu wenye sonona, wenye kukosa usingizi, wenye wasiwasi, wanaonwa kliniki na kurudi majumbani mwao. Nimewahi kumsindikiza mtu aliyejitanda mtandio hadi machoni ili asionwe na wafanyakazi wenzake.

Dhana: Ni utundu wa watoto wa kiume, wakikua unaisha.

Wengi huingia nao utu uzima. Kukimbiakimbia hupungua, lakini ndani mtu hatulii. Wasichana ndio husahaulika zaidi, kwa kuwa wengi hukaa kimya darasani huku mawazo yako mbali.

Yule wa mtandio ni mfanyakazi mwenzangu, miaka 38, kwao Kondoa. Daktari alimwomba aje na mtu aliyemlea, ndipo mama yake akapanda basi. Aliulizwa mwanawe alikuwaje darasa la pili. Akasema sweta za shule zilipotea tatu kwa mwaka, na daftari zilikuwa na nusu ya kila zoezi. "Nilimtuma chumvi," akasema, "akarudi na ua la mbuyu. Chumvi hana, hela hana, na wala hakumbuki nilimtuma." Daktari alikuwa akiandika. Bibi wa watu akanyamaza, kisha akamshika mwanawe mkono.

"Na mimi nilikuwa namchapa," akasema.